Maradhi ya Shinikizo la Damu na Majina Yake: Kutoka Njia ya Misafara ya Unyamwezi hata Elimu ya Oksijeni

Maradhi mengi hupata jina kabla ya kupata maelezo, na jina hilo la kwanza aghalabu ndilo linalotawala fikira za watu hata baada ya maelezo kupatikana. Maradhi ya shinikizo la damu yana habari ya namna nyingine. Hayaonekani kwa macho, mara nyingi hayana maumivu, wala hayajulikani kwa yakini ila kwa chombo cha kupimia; kwa hiyo katika Kiswahili jina lake lilifuata chombo. Lakini jina lililoenea, yaani presha, lilikuja likiwa na maana mbili, moja ya damu na nyingine ya moyo wenye wasiwasi, na mpaka leo maana hizo mbili hazijatengana. Madhara yake si ya lugha peke yake, maana mtu hutumia dawa kwa kadiri anavyoufahamu ugonjwa wake, naye huufahamu kwanza kwa jina.

Katika miaka ya karibuni elimu imeongeza jambo la tatu ambalo bado halijapata jina lililotulia: madhara ya oksijeni kali katika ukuta wa mshipa wa damu. Ili kulichagulia jambo hilo jina lifaalo, yafaa kwanza kuufuata mwendo wa maradhi yenyewe katika nchi hizi, na hapana mahali pafaapo kuanzia kuliko njia ya misafara ya Unyamwezi, ambako mzigo, chumvi na Kiswahili vilisafiri pamoja.

I. Njia, mzigo na chumvi

Kigwa iko katika Unyamwezi, upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Siku hizi ni kata katika wilaya ya Uyui. Katika karne ya 19 ilikuwa katika njia kuu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji penye ziwa la Tanganyika. Burton na Speke waliifuata njia hiyo mwaka 1857 walipokuwa wakielekea Kaze, na Stanley akaifuata mwaka 1871. Majina ya Rubuga na Kigwa yamo katika habari za safari hizo. Njia hiyo ilikipeleka Kiswahili bara kabla ya shule na kabla ya serikali za kigeni, na waliokichukua hawakuwa wafanya biashara wa pwani peke yao, bali pia wapagazi wa Kinyamwezi, waliokwenda pwani na kurudi kwao.

Mzigo wa pembe ulikadiriwa kwa frasila, na frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32, zilihesabiwa kuwa mzigo mzito wa mtu mmoja. Katika kazi hiyo kuchukua mzigo na kulemewa na mzigo yalikuwa mambo mawili mbalimbali. Kuchukua kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kulemewa kulitokea kwa njia mbili: ama mzigo ulizidi nguvu za bega, ama mzigo ulikuwa ule ule lakini bega limepungukiwa nguvu kwa njaa au kwa homa. Tofauti hiyo itafaa kukumbukwa hapo mbele.

Chumvi nayo haikuwa kitu kigeni katika nchi hizo. Chumvi ya Uvinza ilipikwa kutokana na maji ya chemchemi karibu na mto Malagarasi kwa muda uliozidi miaka 1,000, kama walivyoonyesha Sutton na Roberts katika uchunguzi wao uliotolewa mwaka 1968, na ilichukuliwa mbali pande zote, Unyamwezi pia. Walakini chumvi iliyobebwa kichwani mwendo wa siku nyingi ilikuwa bidhaa ya thamani. Haikutiwa chunguni kama itiwavyo chumvi inayouzwa kwa pakiti katika kila duka la kijiji. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mizigo mikubwa iliondoka mabegani ikaingia katika mabehewa, na chumvi, sukari na mafuta yakawa rahisi kupatikana. Baadaye tumbaku, ambayo upandaji wake ulikuzwa sana Urambo tangu miaka ya 1950, ikawa zao kubwa la biashara katika mkoa wa Tabora. Mambo hayo yote yanahusu mishipa ya damu, kama itakavyoonekana.

II. Kamusi na chombo

Kamusi ya Krapf ilitolewa mwaka 1882, na ile ya Madan ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mtu hawezi kuzilaumu kwa kutokuwa na jina la maradhi haya, maana hata huko Ulaya chombo kilikuwa bado kipya. Scipione Riva-Rocci wa Italia alieleza mwaka 1896 namna ya kufunga mkono kwa mfuko wenye upepo na kusoma nguvu ya damu kwa zebaki, na Nikolai Korotkoff, tabibu mpasuaji wa Urusi, alieleza mwaka 1905 namna ya kuusikiliza mlio wa damu chini ya mfuko huo. Kabla ya hapo tabibu aliweza kushika mshipa tu na kukisia.

Lakini matokeo ya maradhi yalijulikana kwa jina. Neno kiharusi, kwa maana ya kupooza au kuanguka kwa ghafula, ni la zamani katika Kiswahili. Basi lugha ilikuwa na jina la mwisho wa habari bila ya jina la mwanzo wake, na palipokosekana jina la sababu watu walijaza nafasi hiyo kwa pepo, kwa uchawi, au kwa kudra ya Mungu.

Neno shinikizo lilikuwako pia, lakini kwa kazi nyingine: katika matumizi ya zamani ni kinu cha kukamulia mafuta au miwa. Lilipochukuliwa baadaye kwa habari ya damu lilifaa, kwa kuwa lilionyesha nguvu inayokandamiza mfululizo. Bahati mbaya ni kwamba halikushinda barabarani. Neno lililoshinda ni presha, nalo lilichukuliwa kutoka katika lugha ambamo neno hilo hilo hutumika kwa habari ya msukumo wa mambo na dhiki ya nafsi.

III. Ushahidi wa Afrika ya Mashariki

Ushahidi wa kwanza wenye hesabu ulitoka upande wa ziwa la Viktoria. Mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Kavirondo ya Kusini huko Kenya, alitoa habari ya vipimo vya watu kadiri ya 1,000. Aliona kwamba shinikizo la damu halikupanda kwa umri kama lilivyopanda kwa Wazungu, na katika wagonjwa kadiri ya 1,800 waliolazwa hospitalini kwa muda wa miaka miwili hakuona hata mmoja mwenye maradhi hayo. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka ule ule wa 1929 na baadaye akafanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliyashuhudia maradhi hayo yakitokea na kuzidi miongoni mwa wenyeji katika muda wa utumishi wake, hata katika kitabu chake cha mwaka 1960 yakapata nafasi kubwa.

Hapo palikuwa na hatari ya kufikiri kwa haraka. Wako waliosema kwamba Mwafrika alihifadhiwa na nasaba yake, na baadaye, maradhi yalipozidi, wako waliogeuza maneno wakasema kwamba nasaba hiyo hiyo ndiyo inayomwangamiza. Kauli zote mbili haziwezi kuwa kweli, na vipimo vimezikataa zote mbili. Shaper na wenzake walieleza mwaka 1969 habari za vijana wa Kisamburu walioingia katika jeshi la Kenya, wakala chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi, na shinikizo lao likapanda. Uchunguzi mkubwa wa INTERSALT, uliotolewa mwaka 1988, ulipima watu 10,079 katika vituo 52 vya dunia. Vituo vinne tu vilikuwa vya watu watumiao chumvi kidogo sana, na kimoja katika hivyo kilikuwa Kenya. Katika vituo hivyo vinne shinikizo lilikuwa la chini, na halikupanda kwa umri ila kidogo sana. Mwaka 1990 Poulter na wenzake walitoa habari za Wajaluo waliohama vijijini wakaenda kukaa Nairobi. Katika muda mfupi baada ya kuhama shinikizo lao lilizidi la wenzao waliobaki nyumbani. Chumvi iliongezeka katika mkojo wao, na madini ya potasi, yapatikanayo katika mboga na matunda, yakapungua kwa kulinganishwa na chumvi hiyo. Watu walikuwa wale wale na nasaba ile ile; kilichobadilika ni maisha.

Richard Cooper na wenzake walithibitisha jambo hilo kwa upana zaidi mwaka 1997, walipolinganisha watu wenye asili ya Afrika ya Magharibi katika bara lao, katika visiwa vya Karibi na katika Marekani. Maradhi yalikuwa machache kwao, yakazidi visiwani, yakazidi tena Marekani.

Katika Tanzania mambo yamefika mbali. Uchunguzi uliofanywa mjini Dar es Salaam na katika vijiji vya wilaya ya Hai, ukatolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kadiri ya watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu, na kijiji hakikuwa salama kuliko mji. Katika wenye maradhi hayo, pungufu kidogo ya mmoja katika watano alijua kuwa anayo, na waliokuwa wamedhibitiwa sawasawa kwa dawa hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka ule ule ulitolewa uchunguzi mwingine kuhusu vifo vya kiharusi katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini. Kwa umri ulio sawa, vifo hivyo vilizidi vile vya Uingereza. Basi lile neno la zamani, kiharusi, bado lina kazi nyingi.

IV. Oksijeni katika ukuta wa mshipa

Chumvi, unene, tumbaku na wasiwasi vyaweza kutajwa kuwa sababu, lakini vinaupandishaje msukumo wa damu? Hapa ndipo elimu ya oksijeni inapoingia.

Oksijeni tunayovuta ikipokea elektroni nne hugeuka kuwa maji, na hiyo ndiyo njia yake ya kawaida mwilini. Ikipokea elektroni moja tu hutokea kitu kikali kiitwacho superoksidi. Mwaka 1954 Rebeca Gerschman na wenzake walieleza kwamba sumu ya oksijeni nyingi na madhara ya mionzi hutokana na vitu vikali vya namna hiyo, na mwaka 1969 McCord na Fridovich waligundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiondoa superoksidi. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba mwili una ulinzi wake wenyewe. Na hakuna awekaye ulinzi pasipo adui.

Katika njia nyingine kabisa, Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba utando mwembamba ulio ndani ya mshipa hutoa kitu kinachoulegeza mshipa. Mnamo mwaka 1987 kitu hicho kilitambuliwa kuwa oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Ignarro na Murad walipata nishani ya Nobel. Maadamu oksidi hiyo inatolewa kwa kadiri ifaayo, mshipa hupanuka na damu hupita kwa raha.

Elimu hizo mbili zilikutana palipoonekana kwamba superoksidi huidaka oksidi ya nitriki na kuigeuza kuwa kitu kingine chenye madhara. Mshipa hupoteza kilegezi chake, hukaza, na baada ya muda ukuta wake huwa mnene na mgumu. Superoksidi hiyo haitokani na hewa ya nje peke yake. Mwaka 1994 Kathy Griendling na wenzake, katika mji wa Atlanta, walionyesha kwamba angiotensini, yaani homoni ya mwili inayokaza mishipa na kuhifadhi chumvi, huamsha katika seli za mshipa kimeng'enya kinachotengeneza superoksidi. Chumvi nyingi mno, moshi wa tumbaku na unene navyo huongeza mzigo wa vitu hivyo vikali, na katika figo hali hiyo hiyo huzidisha kuzuiliwa kwa chumvi.

Mtu aweza kuuliza kama hayo si matokeo ya shinikizo badala ya kuwa sababu yake. Swali hilo lilijaribiwa mwaka 1996 kwa panya. Panya waliopewa angiotensini shinikizo lao lilipanda, na superoksidi ikazidi katika mishipa yao. Panya waliopandishwa shinikizo kadiri ile ile kwa homoni nyingine, noradrenalini, hawakupata ziada hiyo. Kwa hiyo si kila shinikizo la juu lizaalo superoksidi, na superoksidi si kivuli tu cha shinikizo. Lakini wala haifai kusema kwamba ndiyo sababu moja ya maradhi yote. Ni kiungo kimoja katika mnyororo unaozunguka: ukuta ulioharibika hupandisha shinikizo, na shinikizo likizidi huuharibu ukuta tena.

Ikiwa ni hivyo, tiba ilionekana kuwa rahisi: wagonjwa wapewe vitamini zinazozuia ukali huo. Jambo hilo lilijaribiwa kwa uangalifu mkubwa. Uchunguzi wa HOPE, uliotolewa mwaka 2000, ulijaribu vitamini E kwa watu zaidi ya 9,000. Uchunguzi mwingine uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2002 ulijaribu vitamini E, C na karotini kwa watu 20,536. Vidonge hivyo havikuwaokoa na maradhi ya moyo wala kiharusi. Kwa upande wa pili, dawa za kuzuia angiotensini hushusha shinikizo na kupunguza vifo, na chakula chenye mboga na matunda mengi kilishusha shinikizo katika uchunguzi wa DASH uliotolewa Marekani mwaka 1997. Mafundisho yake ni kwamba haifai kuyafuata madhara yaliyokwisha tawanyika. Heri kuupunguza mzigo pale unapotiwa.

V. Majina manne

Sasa majina yaweza kupimwa.

La kwanza ni presha. Katika mazungumzo ya kila siku mtu hupandwa na presha kwa sababu ya deni, mtoto humpa mama yake presha, na mgonjwa huulizwa kama yake ni ya kupanda au ya kushuka. Jina hili linauonyesha ugonjwa kama tukio linalokuja na kuondoka pamoja na hasira au furaha. Matokeo yake yanajulikana na kila mganga wa zahanati: dawa humezwa siku ya kuumwa kichwa, na huachwa siku ya raha. Mtu asiye na mawazo huona kwamba hana haja ya kupimwa.

La pili ni shinikizo la damu. Hili ni bora, nalo limekubaliwa katika maandishi ya tiba, ijapokuwa vitabu vya fizikia vimechagua kanieneo kwa dhana iyo hiyo. Walakini linataja nguvu ya damu tu. Halisemi lolote kuhusu ukuta unaoipokea nguvu hiyo.

La tatu linahusu elimu mpya ya oksijeni. Wako wanaotumia msongo, wakiongeza neno la oksijeni au oksidi. Chanzo chake ni wazi: msongo wa mawazo umekwisha kuwa jina la kawaida la dhiki ya nafsi, na lugha za Ulaya hutumia neno moja kwa yote mawili. Lakini katika Kiswahili kufanya hivyo ni kulirudisha kosa la presha kwa mlango mwingine. Msikiaji atashika msongo, ataacha oksidi, na kwa mara ya pili ataambiwa kwamba ugonjwa wake ni mawazo.

La nne ni kutu. Lina mvuto mkubwa, hasa katika nchi iliyojua majembe ya Usumbwa na chumvi ya Uvinza. Kila mkulima anajua kwamba oksijeni hula chuma, kwamba chumvi huharakisha kazi hiyo, na kwamba kutu huendelea usiku na mchana bila ya kelele. Kwa kufundishia, mfano huu ni mzuri, na mwalimu asiuache. Kwa istilahi haufai, kwa sababu mbili. Kwanza, mshipa si chuma. Ni kitu kilicho hai, na kiasi kidogo cha vitu hivyo vikali mwili wenyewe unakitumia kupelekeana habari na kuua vijidudu. Pili, kutu hupigwa msasa. Atakayeambiwa kwamba mishipa yake imeshika kutu atatafuta cha kuisugua, na wauzaji wa dawa za kusafisha mishipa wapo tayari katika kila stendi. Jina hilo lingewapa hoja ambayo uchunguzi wa mwaka 2000 na wa 2002 umekwisha wanyima.

Linabaki neno ambalo njia ya misafara ililitumia kwa usahihi: kulemewa. Helmut Sies wa Ujerumani, alipoipa dhana hii jina na maelezo mwaka 1985, hakusema kwamba oksijeni kali ni mbaya kwa dhati yake. Alisema kwamba mizani kati ya vinavyooksidisha na vinavyozuia imeelemea upande mmoja. Baadaye akatofautisha kiasi kidogo kinachoufaa mwili na kiasi kikubwa kinachoudhuru. Hiyo ndiyo tofauti ya mzigo na kulemewa. Mlemeo wa oksidi, basi, ni jina linalosema mambo matatu kwa pamoja: kwamba mzigo upo daima, kwamba madhara hutokea unapozidi nguvu za mchukuzi au nguvu zinapopungua, na kwamba dawa yake ni kupunguza mzigo na kulitia bega nguvu, wala si kusugua. Tena halina harufu ya wasiwasi wala ya hasira.

Istilahi haiponyi mtu. Lakini mwanakijiji wa Kigwa aliyepimwa akakutwa na shinikizo la juu anahitaji kuelezwa kwa nini ameze kidonge siku ambayo haumwi, kwa nini apunguze chumvi na aache tumbaku, na kwa nini asitoe fedha zake kwa chupa ya kusafishia damu. Akiambiwa ana presha, hayo matatu yote hayana maana kwake. Akiambiwa kwamba mishipa yake imelemewa, ataelewa bila ya mkalimani kwamba mzigo hautuliwi kwa siku moja ya furaha, na kwamba aliyelemewa hangoji mpaka aanguke ndipo aombe kupunguziwa.